Mpira ni ule ule, mbona sakafu inatetemeka?

*"Nina jenereta ya dizeli ya silinda nne, uzito wake kama kilo 400, inazunguka mara 1500 kwa dakika. Ilikuwa imekalia pedi nne za mpira za duara, kipenyo milimita 50 na unene milimita 25, zimegandishwa kwenye vibamba vya chuma juu na chini. Zilianza kuliwa na mafuta, nikaona nizibadilishe kwa kitu imara zaidi. Nilikata duara za kipenyo cha milimita 100 kutoka kwenye shiti la mpira la unene wa milimita 10, nikaziweka chini ya vibamba vipana. Fundi alipima kwa kipimo cha Shore A: mpira mpya ulisoma 50, na upande mzima wa pedi za zamani ulisoma 50 vilevile. Lakini tangu siku hiyo sakafu nzima inatetemeka na vioo vya dirisha vinalia. Mmoja ananiambia nitafute mpira laini zaidi, mwingine anasema nipange pedi mbili mbili. Nifanye lipi? Na inakuwaje mpira wa ugumu ule ule ufanye kazi tofauti namna hii?"*

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu, na asante kwa kuandika vipimo vyote. Wengi huniambia tu kwamba "mpira umekuwa mgumu", halafu nabaki kukisia. Wewe umenipa kipenyo, unene, uzito na mizunguko, na kwa hivyo naweza kukujibu kwa hesabu.

Nianze na lile ambalo huenda linakukera zaidi: hukuuziwa mpira mbaya, na fundi wako hakukosea kupima. Ulichobadilisha ni umbo. Kwa umbo hilo pekee, kila pedi mpya imekuwa kakamavu takriban mara 74 kuliko ile ya zamani. Sikukosea kuandika, ni mara sabini na nne. Nitakuonyesha zinakotoka.

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo karakana nyingi huyachanganya. Ugumu ni kile kinachosomwa na kipimo cha Shore A: ncha ndogo inasukumwa kwenye uso wa mpira na kuonyesha imezama kiasi gani. Hiyo ni sifa ya mpira wenyewe, na husomwa pale pale juu juu. Ukakamavu ni jambo la pedi nzima: ukiibebesha mzigo fulani, inashuka milimita ngapi? Vipande viwili vya shiti moja, vyenye ugumu ule ule, vinaweza kuwa na ukakamavu ulioachana kama mbingu na ardhi. Kipimo cha Shore hakijui pedi yako ni pana kiasi gani wala ni nene kiasi gani, kwa hiyo hakiwezi kukuambia itashuka kiasi gani chini ya jenereta.

Kuna dhana ya pili, na hii ndiyo iliyokuponza. Tunapoona mpira unashuka chini ya mzigo, tunadhani umejikunja ndani kwa ndani kama sponji, kwamba kilichokuwa kikubwa kimekuwa kidogo. Sponji hufanya hivyo kwa sababu imejaa hewa. Mpira mzima hauna hewa ndani. Ujazo wake ni mgumu kuupunguza karibu sawa na ujazo wa maji. Kubadilisha umbo la mpira wa ugumu kama wako kunahitaji mkazo wa megapaskali chache tu, ila ukitaka kuupunguza ujazo wake unakutana na ukinzani wa kama megapaskali 2000. Tofauti ni ya takriban mara elfu moja. Kwa hiyo mpira ukibanwa kutoka juu haupungui, unahama. Milimita inayopotea kwenye unene lazima itokee mahali pengine, na mahali pekee palipo wazi ni ubavuni. Pedi hutuna pembeni.

Jaribu hili mwenyewe. Chukua kifutio cha penseli, uchore kwa kalamu mistari iliyosimama wima kwenye ubavu wake, kisha ukibane taratibu kwenye jiliwa. Utaona mistari ya kando ikipinda kama upinde: juu na chini, pale chuma kilipoushika mpira, haiendi popote, ila katikati ya unene inasukumwa nje. Sasa kitoe, upake sabuni ya maji kwenye nyuso mbili zinazogusa chuma, ubane tena kwa nguvu ile ile. Safari hii mistari itabaki imenyooka zaidi, na kifutio kitashuka zaidi. Mpira ni ule ule na jiliwa ni lile lile. Umeuruhusu tu uteleze na kutoka.

Jaribio hilo ndilo linaloeleza pedi zako. Mpira ulioshikwa juu na chini, ama kwa gundi ama kwa msuguano, una mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni ubavu. Pedi yako ya zamani ilikuwa nene na nyembamba wa kipenyo: mpira wa katikati ulikuwa milimita 25 kutoka ukingoni, na ubavu ulikuwa na kimo cha milimita 25. Njia fupi, mlango mkubwa. Kwenye pedi mpya, mpira wa katikati uko milimita 50 kutoka ukingoni, na mlango una kimo cha milimita 10. Huo wa katikati haufiki nje hata ukitaka. Umenaswa, na shinikizo linajikusanya kwake, kubwa kabisa katikati na kupungua kuelekea pembeni. Ni kama kubonyeza udongo laini wa mfinyanzi kati ya mbao mbili: donge nene linaanza kutandazika kwa urahisi, lakini likishakuwa bapa unaweza kulisimamia na lisisogee.

Wahandisi hupima jambo hili kwa uwiano unaoitwa kigezo cha umbo: eneo linalobeba mzigo, gawanya kwa eneo la ubavu ulio wazi. Kwa duara hesabu ni nyepesi, kipenyo gawanya kwa unene mara nne. Pedi yako ya zamani: 50 kwa 100, yaani 0.5. Pedi mpya: 100 kwa 40, yaani 2.5. Mwaka 1959 watafiti wa mpira Gent na Lindley walionyesha kwamba ukinzani wa pedi iliyogandishwa hukua kwa mraba wa kigezo hicho. Kanuni inayotumika kazini ni hii: moduli ya pedi (yaani jinsi inavyokataa kubanwa) ni moduli ya mpira mara (1 + 2 × k × kigezo × kigezo), ambapo k ni namba ya marekebisho inayotegemea ugumu wa mpira. Kwa mpira wa asili wa ugumu wa 50, majedwali ya usanifu yanayotumika sana hutoa moduli ya kama megapaskali 2.2, na k ya 0.73.

Tuingize namba zako. Pedi ya zamani inapata moduli ya megapaskali 3.0, na kwa eneo na unene wake inahitaji kama newtoni 236 ili ishuke milimita moja. Kila mguu unabeba kilo 100, yaani karibu newtoni 981, kwa hiyo ilikuwa ikishuka milimita 4.2 hivi. Pedi mpya inapata moduli ya megapaskali 22, na kwa kuwa ni pana na nyembamba, inahitaji kama newtoni 17,500 kwa milimita moja. Chini ya jenereta ile ile inashuka milimita 0.056, chini ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kama umbo lisingekuwa na neno, kuongeza eneo mara nne na kupunguza unene mara mbili na nusu kungekupa ongezeko la mara kumi tu. Mara saba na zaidi zilizobaki zimetokana na mpira kukosa pa kutokea.

Niwe mkweli hapa: hesabu hii inachukulia kwamba mpira umeshikwa barabara juu na chini. Zako mpya hazina gundi, zimekaa tu kwa msuguano, na kama kuna mafuta chini yake zinateleza kidogo na kulegea kuliko nilivyoandika. Lakini hata nikikupunguzia nusu, picha haibadiliki.

Sasa tuje kwenye sakafu. Mashine iliyokalia mpira ina mdundo wake wa asili, kama bembea ilivyo na mwendo wake. Unaweza kuukadiria kutokana na jinsi inavyoshuka: 15.8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha mshuko kwa milimita, na jibu linakuja kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde. Kwa milimita 4.2 ni kama hezi 7.7. Kwa milimita 0.056 ni kama hezi 67. Jenereta yako ikizunguka mara 1500 kwa dakika inasukuma mara 25 kwa sekunde, na injini ya silinda nne hutoa pia msukumo wa pili wa mara 50 kwa sekunde, ambao mara nyingi ndio wenye nguvu zaidi.

Mpira huzuia mtetemo pale tu msukumo wa mashine unapozidi mdundo wa asili kwa zaidi ya mara 1.4. Pedi zako za zamani zilikuwa mbali juu ya mpaka huo: kwa hezi 25 zilipitisha sakafuni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu, na kwa hezi 50 karibu hakuna kitu. Pedi mpya ziko upande wa pili wa mpaka. Kwa hezi 25 zinapitisha nguvu yote na kuongeza kidogo juu yake. Kwa hezi 50, ambazo haziko mbali sana na 67, zinaikuza zaidi ya mara mbili. Nadhani vioo vya dirisha lako vinajibu hizo 50.

Sasa ushauri uliopewa. Mpira laini zaidi? Tuseme unapata wa ugumu wa 40 na kuukata kwa vipimo vile vile vya 100 kwa 10. Ukakamavu unapungua kama asilimia 22 tu, na mdundo wa asili unatoka hezi 67 hadi 59. Umesogea karibu zaidi na zile 50. Utakuwa umelipia mpira mwingine na kuongeza mtetemo.

Kupanga pedi mbili mbili kunanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kunasikika kama jambo la busara. Ukizibandika mbili bila chuma katikati, zinakuwa pedi moja ya unene wa milimita 20. Ukakamavu unashuka vizuri sana, hadi kama newtoni 2,800 kwa milimita. Lakini tazama mdundo wa asili unapoangukia: hezi 27. Jenereta yako inasukuma kwa 25. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea kila mara anaporudi mkononi mwako. Mpira unaotetemeshwa kwa mwendo mdogo huwa mkakamavu kuliko ule uliobebeshwa mzigo tuli, hasa ukiwa umechanganywa na masizi mengi ya kuuimarisha, kwa hiyo mdundo halisi ungeweza kupanda hadi 30, na hapo pia nguvu ya hezi 25 inakuzwa mara tatu au zaidi. Tafadhali usifanye hivyo. Tatu tatu hazikutoi pia: unafika kama hezi 17, na kwa 25 unabaki karibu palepale ulipokuwa bila mpira wowote. Na ukiweka bamba la chuma kati ya pedi na pedi, kila safu inashikwa upya juu na chini, kigezo cha umbo kinabaki 2.5, na unapata nusu tu ya ukakamavu wa sasa.

Hilo la bamba la chuma nalitaja kwa sababu kuna watu wanaolitaka kwa makusudi. Mwaka 1969 huko Skopje, katika Makedonia Kaskazini ya leo, mji uliokuwa umebomolewa na tetemeko la 1963, shule ya Pestalozzi ilijengwa juu ya matofali makubwa ya mpira yasiyo na chuma ndani, ili ardhi ikitikisika jengo lisisombwe nayo. Matofali hayo yalituna pembeni chini ya uzito wa jengo, kwa sababu ileile inayofanya kifutio chako kitune. Waliofuata wakaanza kuweka safu nyembamba za mpira zikipishana na mabamba ya chuma: kwenda chini pedi inakuwa kakamavu kiasi cha kubeba ghorofa, ila kwenda ubavuni inabaki laini, kwani mpira unaosukumwa ubavuni haubadilishi ujazo na bamba haliuzuii. Pedi za chini ya madaraja hutengenezwa hivyo hivyo. Wao wanataka ukakamavu ambao wewe unaukimbia.

Kwa hiyo ufanye nini? Suluhisho zuri ni kurudi kwenye umbo la zamani: kipenyo milimita 50, unene 25, ugumu 50, zilizogandishwa kwenye vibamba vyake. Aliyezichagua mwanzoni alijua alichokuwa akifanya. Badilisha aina ya mpira tu. Mpira wa asili hunywa dizeli na mafuta ya injini, hutuna na kulegea, na ndiyo maana zako zililiwa. Omba za nitrili, ambazo huvumilia mafuta vizuri zaidi. Kloropreni ni ya pili. Mwambie muuzaji uzito kwa kila mguu na mshuko unaoutaka, milimita 4 hivi, usimwambie ugumu peke yake. Muuzaji anayejua kazi yake ana jedwali la mzigo na mshuko kwa kila pedi. Akikosa jedwali, tafuta mwingine.

Wakati unazisubiri, shiti ulilonalo linaweza kukusaidia kidogo. Kata duara za milimita 40 badala ya 100. Kigezo cha umbo kinashuka hadi 1, kila pedi inashuka kama milimita 1.4, na mdundo wa asili unakuwa hezi 13. Kwa msukumo wa 25 utapitisha kama asilimia 40 ya nguvu, na kwa 50 chini ya sehemu moja ya kumi. Haifikii zile za zamani, lakini vioo vitatulia. Usikate ndogo zaidi ya hapo: pedi ikishabanwa kupita asilimia 15 au 20 ya unene wake, ukakamavu unaanza kupanda kwa kasi, mpira unachoka na kubaki umebonyea. Ndiyo maana shiti jembamba haliwezi kukupa mshuko wa milimita 4 kwa namna yoyote. Unene wa kushuka hauna.

Kabla ya lolote, angalia bolti. Hukuniambia jenereta imefungwaje. Kama kuna bolti inayopita katikati ya pedi kutoka kwenye mguu hadi sakafuni na nati imekazwa juu ya chuma, basi mtetemo unapita kwenye bolti na mpira umekaa pale kama pambo. Lazima bolti itengwe na mguu kwa bushi na washa za mpira, nati isikazwe hadi kubana pedi. Angalia vilevile bomba la moshi na mpira wa dizeli: bomba gumu lililofungwa ukutani hubeba mtetemo kama inavyofanya bolti, hata ukiwa na pedi bora kabisa.

Neno kuhusu baridi, kwani huulizwa kila mara. Katika joto la kawaida la chumba, ukakamavu wa mpira haubadiliki sana. Baridi kali ni jambo lingine. Mwaka 1986, baada ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira wa ringi za kuziba za chombo hicho kwa klampu ndogo na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya tume ya uchunguzi. Alipokitoa na kulegeza klampu, mpira haukurudi umbo lake upesi. Jenereta inayowashwa kwenye baridi kali inaweza kupitisha mtetemo zaidi sakafuni hadi pedi zipate joto.

Kuna dalili zikionekana usiendelee na hesabu hizi, mwite fundi wa mitetemo aje na vipimo vyake. Mtetemo unaozidi siku hadi siku ilhali hujabadilisha kitu. Sauti ya kugonga. Bolti zinazolegea ndani ya siku chache baada ya kukazwa. Ufa mpya kwenye zege. Hayo yanaweza kuwa beringi, shafti au injini yenyewe, na pedi laini itayaficha tu hadi yawe makubwa. Mwite pia ikiwa jenereta iko ghorofani. Sakafu ya ghorofa ina mdundo wake, nami nimehesabu kana kwamba yako iko juu ya ardhi imara.

Ukishafunga pedi mpya, iache jenereta izikalie usiku mzima bila kuwashwa, maana mpira huendelea kushuka kidogo kwa saa nyingi baada ya kupokea mzigo. Asubuhi pima kwa rula kimo cha kila pedi kwenye miguu yote minne. Ukiona milimita 4 hivi zimepungua kila upande, washa. Itatikisika kwa sekunde chache inapopita kwenye hezi 7 na 8 ikipanda, na tena inapozima. Hilo ni la kawaida. Ukikuta mguu mmoja umeshuka 6 na mwingine 2, uzito haugawanyiki sawa. Usiwashe kwanza. Sogeza pedi zielekee upande mzito, kisha upime upya.